Mimi huchelewa makusudi

Miaka kadhaa iliyopita nilikwama kwenye foleni ya Ubungo zaidi ya saa nzima, siku ambayo nilitakiwa kuongoza kikao cha wagonjwa wanaosubiri upasuaji wa kupunguza uzito. Mimi ni mtaalamu wa lishe. Kazi yangu ni kumwandaa mtu kabla hajaingia chumba cha upasuaji, na kumpokea akishatoka. Mpaka siku ile, vikao vyangu niliviendesha kama darasa: michoro ukutani, tumbo la plastiki mezani, maswali mwishoni. Maswali yenyewe hayakuwepo. Watu waliandika, wakashukuru, wakaenda zao.

Siku hiyo nilifika mlangoni nikasikia vicheko. Mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji miaka mitatu nyuma alikuwa amesimama katikati, kashika kisosi cha chai, anaonyesha anavyojipakulia pilau kwenye shughuli. "Na mama mkwe hasemi?" dada mmoja akamuuliza. "Anasema sana. Mwache aseme, wewe tafuna." Nikakaa kiti cha nyuma, kimya. Katika nusu saa ile yaliulizwa mambo ambayo sijawahi kuulizwa mimi, na nikajua kwamba miezi yote ile nilikuwa nimekaa mahali pa mtu mwingine.

Lakini yapo ya kwangu, na nianze nayo.

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Katika ule wa kwanza daktari huondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama asilimia 75 hadi 80, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika wa pili tumbo hugawanywa, kikabaki kifuko cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, kisha utumbo mwembamba ukaunganishwa nacho ili chakula kipite njia ya mkato. Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Puto, ambalo wengi hapa Dar wamelisikia kupitia hospitali ya Mloganzila, si upasuaji: huingizwa tumboni kwa njia ya mdomo na baada ya muda hutolewa. Nalieleza hili kila kikao, maana kila kikao yupo aliyekuja akidhani amejiandikisha kwa puto.

Nani anafaa? Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha jibu ligawanye tena kwa urefu huohuo. Kuanzia 1991 madaktari wengi duniani walifuata kipimo kilichowekwa Marekani: 40 na kuendelea, au 35 kama una maradhi yanayoambatana na unene, mfano kisukari au presha. Mwaka 2022 chama cha Marekani cha madaktari wa fani hii na kile cha kimataifa vilishusha kiwango: 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Mwanamke wa mita 1.60 hufikia 35 akiwa na kilo 90 hivi. Tazama ukumbini kwenye harusi yoyote ya mjini, utaona hizo si kilo za ajabu.

Sasa ini. Hapa ndipo ninapokazania kuliko pote. Watu wenye unene mkubwa wengi wana ini lenye mafuta, kubwa na zito, na upande wake wa kushoto hulala juu ya tumbo kama mfuniko. Daktari analazimika kuliinua ili alione tumbo. Likiwa kubwa mno huchubuka na kutoa damu, na ipo siku daktari atafunga matundu bila kufanya kilichompeleka. Ndiyo maana wiki mbili kabla, wengine hata nne, tunampa mgonjwa mlo mdogo sana, kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo. Mwili huanza kutumia akiba ya sukari iliyo ndani ya ini, maji yaliyoshikamana na akiba hiyo hutoka nayo, mafuta nayo hupungua. Ini hunywea ndani ya siku chache tu. Kwa mlo wa huku kwetu hiyo ina maana ya samaki wa kuchemsha au wa kuchoma, mayai, mtindi usiotiwa sukari, mchicha, matembele, matango. Ugali, wali, chapati, mihogo na viazi vinapumzika. Juisi pia, hata ile ya miwa uliyokamuliwa ukiona kwa macho yako.

Nilikuwa naueleza mlo huu vizuri sana, na bado siku moja nusura nimpoteze mgonjwa. Alikuwa na kisukari, anatumia glibenclamide. Alipoanza mlo akamuuliza mwenzake wa kikundini kama dawa hubadilishwa. Mwenzake akajibu kwa nia njema kabisa: "Mimi sikubadilishiwa kitu." Kweli hakubadilishiwa, kwa kuwa yeye alikuwa kwenye metformin peke yake, dawa ambayo ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide haiko hivyo. Hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hukula. Siku ya tatu yule mama akaanza kutetemeka na kutokwa jasho kituoni akingoja daladala, macho yakaingia giza. Muuza duka mmoja aliyekuwa na akili akampa soda. Akapona. Kosa halikuwa la mwenzake, lilikuwa langu: sikuwa nimempigia daktari wake wa kisukari kabla ya kumkabidhi ile karatasi ya mlo. Tangu hapo mwenye dawa za kisukari, insulini, au vidonge vya presha vinavyokojoza maji haondoki na karatasi mpaka dozi zake zipangwe upya na daktari. Na kikundini ipo sheria moja ambayo mimi ndiye mlinzi wake: tunasimuliana maisha, hatuandikiani dawa.

Sheria hiyo ikishawekwa, wacha watu waongee.

Jambo la kwanza nililojifunza nikiwa kiti cha nyuma ni kwamba si kila aliyetangulia anafaa kumwandaa anayekuja. Mtu wa mwezi wa tatu yuko fungate. Nguo zinampwaya, kila wiki mizani inamfurahisha, hana njaa. Tumbo lililokatwa ni pamoja na ile sehemu ya juu inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo wengi husahau hata kula. Muulize huyo na atakwambia nenda kesho. Mimi namtaka wa mwaka wa tatu au wa tano. Huyo alishafika chini kabisa, kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miwili, akiwa amepoteza robo au hata theluthi ya uzito wake, kisha kilo chache zikamrudia na njaa nayo ikampigia hodi. Yule mama wa kisosi alirudisha kilo sita. Alilisema hilo mbele ya watu, akasema na mwezi zilipoanza kurudi, ambao ndio mwezi aliorudia karanga za kutafuna jioni mbele ya televisheni. Hakuna mchoro wangu wa ukutani unaofundisha hivyo.

La pili ni tonge. Mimi nasema "tafuna sana, kula taratibu." Wao wanasema: tonge lisizidi ncha ya kidole gumba, weka kijiko chini kila baada ya tonge, na ugali wa moto ulioshikana usiuguse miezi ya kwanza, maana utakwama kifuani, utaanza kutoa mate ya povu na utadhani unakufa. Hufi. Simama, tembea, litashuka au litarudi. Mtu aliyekwisha kusikia habari za povu kutoka kwa aliyelitema hakimbilii hospitali usiku wa manane, na wala hanywi maji ili kulisukuma, kosa ambalo kila mmoja hulifanya mara moja. Maji na chakula havikutani tena: unakunywa, unaacha, unakula, unangoja nusu saa, ndipo unakunywa tena, kwa mafunda madogo kutwa nzima. Mzee mmoja wa Tanga hutembea na chupa ndogo ya maji shingoni kama filimbi ya refa.

La tatu ndilo sikulitegemea kabisa. Kwetu mtu akinenepa huambiwa mashallah, maisha yamemkubali. Akikonda haraka, watu hunong'ona. Umri wangu unanitosha kukumbuka miaka ambayo kukonda kulikuwa na maana moja tu mtaani, na mnong'ono huo haujaisha. Dada mmoja alipungua kilo 30 katika miezi sita, na majirani wakaanza kumletea uji. Mwingine aliulizwa ofisini kama ameshaanza dawa. Wengi hawajamwambia mtu yeyote kuhusu operesheni zaidi ya mume au dada mmoja, kwa hiyo hawana la kujibu. Basi kikundini tunalifanyia mazoezi. Kila anayesubiri anatunga sentensi yake moja, fupi, ya kweli, isiyofungua mlango wa swali la pili, anaisema mbele ya wenzake, nao wanamchokoza kama mashangazi wa kwenye msiba. "Daktari alitaka nipungue kwa ajili ya presha, nashukuru imeshuka." Hiyo imetumika sana. Dada mwingine alichagua kusema ukweli wote, kwamba kakatwa tumbo, na akasema amelala vizuri zaidi tangu siku hiyo. Sina upande katika hili. Ninachotaka ni kila mtu awe na sentensi kabla ya kisu.

Wanaume huja wachache na hukaa karibu na mlango. Mmoja alivunja ukimya kwa kusimulia bia yake ya kwanza baada ya upasuaji wa njia ya mkato: chupa moja, ile ambayo zamani ilikuwa ya kuoshea koo, ikamlaza kwenye kochi la shemeji. Kila mtu alicheka, kisha nikaeleza kwamba pombe sasa huingia kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi, na kwamba wapo ambao baada ya kuachana na chakula kama kitulizo huhamia kwenye chupa. Wiki ile wawili walinipigia simu faraghani.

Kuna mgeni mmoja ambaye madaktari wenzangu hawakumpenda mwanzoni. Ni mama ambaye mshono wa tumbo ulivuja siku chache baada ya operesheni, akarudishwa chumba cha upasuaji, akalala hospitali wiki kadhaa. "Unawatisha wagonjwa," daktari mmoja aliniambia. Siafiki. Uvujaji hutokea kwa wachache, lakini ukitokea kinachookoa ni saa, na dalili zake si lazima ziwe maumivu makali. Yeye huzitaja kwa vidole: mapigo ya moyo kwenda mbio zaidi ya 120 kwa dakika hata ukiwa umelala, homa, pumzi kuwa fupi, maumivu yanayopanda bega la kushoto, na ile hali ya kuhisi kuna jambo baya bila kujua ni lipi. Anafundisha watu kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa saa ya ukutani. Katika vikao vyote nilivyoendesha, sijaona aliyejiondoa kwenye orodha kwa sababu ya mama huyu. Nimeona walioahirisha kwa sababu ya bei.

Mengine nayapitisha haraka, maana karatasi inatosha. Sigara iachwe angalau wiki sita kabla. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini apimwe, maana daktari wa nusu kaputi anahitaji kujua. Baada ya upasuaji, protini gramu 60 hadi 80 kila siku, na vidonge vya vitamini na madini maisha yote, hasa B12, madini chuma, kalsiamu na vitamini D. Anayetapika siku kadhaa mfululizo aje mara moja, kwa kuwa upungufu wa vitamini B1 huharibu ubongo kabla hujashtuka. Nywele hupukutika kuanzia mwezi wa tatu hivi na kwa kawaida huota tena. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ndugu zake, ambazo hapa kwetu hununuliwa kama pipi, ni marufuku kwa aliyewekewa njia ya mkato, maana humtoboa vidonda. Na mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hapa dada zangu sikilizeni: kupungua uzito hurudisha uwezo wa kushika mimba, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, kwa hiyo tafuta njia nyingine. Watoto wawili wa kikundi chetu walikuja kwa mshangao huo, na wote wazima.

Huwa naulizwa kama kikundi kweli kinapunguza kilo. Tafiti zimeonyesha kwamba wanaohudhuria hupungua zaidi ya wasiohudhuria, lakini ukweli ni kwamba huenda wenye bidii ndio wanaokuja, na wangepungua tu hata bila viti vyetu vya plastiki. Ninachoweza kusema ni hiki: wanaokuja kikundini hunipigia simu mapema jambo likiharibika, na wale wasiokuja huwaona wakiwa tayari kwenye machela.

Jumamosi hii tunaanza saa nne asubuhi. Kuna wapya wanne, na mama wa kisosi ameahidi kuwepo. Mimi nitafika saa tano kasoro robo.