Nywele nyembamba zenye mafuta: yasemwayo na yalivyo

Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye kitana, uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama vidole havihisi kitu, nywele zako ni nyembamba. Kama unauhisi kama uzi wa kushonea, ni nene, hata zikiwa chache kiasi gani. Naanza na jaribio hili kwa sababu watu wengi wenye nywele za aina yetu hujitibu ugonjwa wasiokuwa nao.

"Nywele nyembamba maana yake nywele chache"

Ni mambo mawili tofauti. Wembamba ni wa unywele mmoja mmoja, uchache ni wa idadi yake kichwani. Unywele mwembamba huwa na kipenyo cha chini ya mikroni 60 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na mnene hupita 80. Kichwa cha mtu mzima hubeba wastani wa nywele 100,000. Wenye nywele za rangi ya dhahabu hufikia hata 150,000, na zao mara nyingi ndizo nyembamba kuliko za wengine. Kwa hiyo unaweza kuwa na msitu wa nywele nyembamba, au vichaka vya nywele nene. Uchache una sababu zake za kutafutwa. Wembamba ni umbile, na hakuna shampuu iliyowahi kubadilisha umbile. Zile za "kunenepesha" huacha utando mwepesi juu ya unywele, nao hutoka ukiosha tena.

"Ukiosha kila mara, kichwa kinazidi kutoa mafuta"

Hii ndiyo dhana iliyonipotezea muda mwingi kuliko zote. Niliwahi kukaa wiki sita bila shampuu nikisubiri kichwa "kizoee". Kilichozoea ni pua yangu.

Mafuta ya kichwani hutoka kwenye tezi ndogo zilizoungana na vinyweleo, na bosi wa tezi hizo ni homoni, hasa zile za kiume ziitwazo androjeni. Ndiyo maana mtoto wa miaka minane hana shida hii, halafu akibalehe inamjia ghafla. Tezi haina habari kama jana uliosha au hukuosha.

Mbona basi kichwa chetu kinang'aa kabla hata ya kesho kufika? Mafuta husafiri juu ya unywele, na unywele ulionyooka hauna kona ya kuyachelewesha. Kwenye nywele za kujisokota huchukua muda mrefu kushuka, na mara nyingi hayafiki nchani kabisa. Pia unywele mwembamba una eneo dogo la kupakwa, kwa hiyo tone lile lile linatosha kuulowesha. Zikishalowa hushikamana makundi makundi, ngozi ya kichwa ikaonekana katikati, na mwenye kichwa akaapa kwamba mafuta yameongezeka.

Kuyaacha hakukusaidii kitu. Kwenye ngozi ya kichwa ya kila mtu anaishi kuvu aitwaye Malassezia, ambaye chakula chake ni mafuta hayo. Mabaki yake huwasha ngozi za baadhi yetu, na huko ndiko mba inakotokea. Kwa hiyo osha kichwa kikichafuka, hata kama ni kila siku. Ila osha kichwa tu, kwa nyama za vidole, si kwa kucha. Povu likiteremka wakati wa kusuuza, linatosha kwa sehemu iliyobaki. Ukirundika nywele zote utosini na kuzisugua kama unafua soksi, ndipo madhara yanapoanza.

Unywele hukua sentimita moja na kidogo kwa mwezi, yaani 12 hadi 15 kwa mwaka. Kama zako zimefika sentimita 70, ncha zake zina miaka mitano. Kichwa ni cha leo, ncha ni za zamani. Ni bibi na mjukuu wanaoogeshwa beseni moja, na mjukuu ndiye aliyetoka kucheza matopeni.

"Kondishona si ya nywele zenye mafuta"

Si ya kichwa chenye mafuta, hapo nakubali. Lakini bibi wa miaka mitano huko chini anaihitaji. Unywele ukichakaa huwa na chaji hasi, na kondishona ina viambato vya chaji chanya, kwa hiyo hunata zaidi pale palipochakaa. Ipake kuanzia usawa wa masikio kwenda chini, kidogo, kisha suuza vizuri. Ukiiruka kabisa, nywele zinanasana, kitana kinakwama, na kila kinapokwama kinaondoka na kipande.

Silikoni, viambato vya kulainisha vilivyomo kwenye kondishona nyingi, nazo zimesingiziwa kwamba zinaziba unywele ukashindwa kupumua. Unywele haupumui. Umekufa tangu unatoka kwenye ngozi, na mzizi wake hupata hewa kwa njia ya damu. Kosa la silikoni kwetu ni uzito tu: ukizidisha, nywele zinalala kama zimenyeshewa.

"Paka mafuta kichwani zikue haraka"

Kichwa kinachojitengenezea mafuta kutwa kucha hakidai mengine. Mafuta ya nazi yana kazi moja ya kweli, nayo si ya kukuza: huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ya alizeti hubaki juu juu. Matone mawili kwenye ncha, kabla ya shampuu, basi.

"Kukata ncha kunakuza nywele"

Unywele hukulia chini ya ngozi, na habari za mkasi hazifiki huko. Tena piga hesabu: ukikua sentimita moja na robo kwa mwezi na msusi akakata moja, mwaka mzima umepata tatu.

Lakini usiutupe mkasi. Kaa karibu na dirisha, shika fungu dogo la ncha ulielekeze kwenye mwanga. Utaona nyingine zimechanika kama unyoya, na nyingine zina vidoti vyeupe kama chembe za chumvi. Kila kidoti ni mahali ambapo unywele umepondeka na utakatikia hapo hapo. Ncha iliyopasuka hupanda juu, na unywele mwembamba hauna unene wa kuuzuia mpasuko. Kata hizo tu, moja moja, juu kidogo ya doa.

"Zangu zilifika mabegani zikaacha kukua"

Mara nyingi hazijaacha, zinakatika kwa kasi ile ile zinayokua nayo. Ushahidi uko kwenye kitana. Unywele mrefu wenye kitone cheupe upande wa mzizi umemaliza muda wake na kuondoka kwa amani. Kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kipande kifupi kisicho na kitone kimekatika.

Kikomo cha kweli kipo, nacho ni cha kurithi. Kila unywele hukua kwa miaka 2 hadi 7 kabla ya kupumzika na kudondoka. Ambaye zake hukua kwa miaka mitatu ataishia sentimita 40 hivi, ambaye zake hukua kwa sita atapita 70. Lakini wengi wetu hatujawahi kukifikia, kwa sababu tunachana nywele zikiwa mbichi, wakati maji yamelegeza viungo vyake vya ndani na zinavutika kama mpira. Subiri zikauke kidogo, anzia nchani upande juu. Ule ushauri wa kupiga brashi mara mia kabla ya kulala unastahili kuzikwa. Na kibanio kisikae mahali pamoja kila siku.

"Meza biotini"

Ni vitamini ya kundi B. Kama huna upungufu wake, na upungufu huo ni nadra, haikukuzii kitu. Kinachonikera zaidi ni kwamba dozi kubwa huvuruga vipimo vya damu, kikiwemo cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Ukipima damu, mwambie daktari unameza nini.

"Zikinyonyoka, ni shampuu"

Rudisha kumbukumbu nyuma miezi miwili au mitatu. Homa kali, kujifungua, upasuaji, kupungua uzito ghafla: nywele hulipa deni hilo kwa kuchelewa, na kwa kawaida hurudi zenyewe. Zisiporudi, pima madini ya chuma na tezi ya thairoidi. Ila kama hazinyonyoki kwa wingi lakini mstari wa njia kichwani unazidi kupanuka mwaka hadi mwaka, huo ni uchache halisi, na dawa ya kupaka iitwayo minoksidili ina ushahidi kwamba inasaidia. Ilianza kama dawa ya shinikizo la damu. Inataka miezi, na ukiiacha unapoteza ulichopata. Wiki za mwanzo huweza hata kuangusha nywele zaidi, kwa sababu za zamani zinapisha mpya, na hapo ndipo wengi huitupa chupa.