Michirizi ya fedha kwenye majani ya ndimu

Mvua za Septemba zikishaanza hapa Bukavu, ndimu na mandarini za kwenye parseli zetu huchipua majani mapya, na malalamiko huanza: majani yamejikunja, yana michirizi inayong'aa kama alipopita konokono. Wengi hudhani mti una ugonjwa. Huyo ni nondo, Phyllocnistis citrella, mwenye asili ya Asia.

Usijisumbue kumvizia nondo mwenyewe. Akikunjua mabawa hafikii hata nusu sentimita, na hutembea gizani. Ukibahatika kumwona ni mweupe wa kung'aa, na kila bawa la mbele lina nukta nyeusi kwenye ncha. Lakini jani peke yake linatosha kumtambulisha.

Chuma jani changa, ligeuze, uliinue kwenye mwanga. Utaona njia inayopinda-pinda, na katikati yake mstari mwembamba mweusi. Huo ni mavi ya kiwavi, na ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Kiwavi hatoboi jani. Hupasua ngozi ya jani, akafyonza maji ya ndani na kuacha utando mwepesi wenye hewa chini yake; ndiyo maana panang'aa. Anza pale njia ilipo nyembamba kama uzi, alikoanguliwa, ufuate hadi inapopanuka. Mara nyingi huishia ukingoni, na ukingo umekunjwa. Fungua hapo kwa sindano: yumo ndani, amejifunga kwa hariri, anageuka nondo.

Jani lililojikunja bila njia hizo, chini yake vijidudu vimerundikana, lina vidukari. Na anayelima nyanya asimchanganye na Tuta absoluta, nondo wa nyanya: yule huchimba mabaka mapana, na kiwavi wake huhama jani hadi jani. Kiwavi huyu wa ndimu hatoki kwenye jani alimozaliwa mpaka awe nondo.

Mama zangu, baba zangu, msipige dawa kwenye majani yaliyokomaa. Nondo huyu hutaga kwenye majani machanga tu, na dawa nyingi hazimfikii kiwavi chini ya utando; zinaua vinyigu wadogo wanaomla. Msiyang'oe pia majani yaliyochorwa, bado yanaulisha mti. Mti mkubwa huvumilia. Ninaowahofia ni miche ya kitaluni: hiyo inyunyizieni mafuta ya mwarobaini jioni, mara tu machipukizi yanapotokeza, na upande wa chini wa majani usisahauliwe.