Yasemwayo wodini kuhusu ini, na ukweli wake

"Mgonjwa wa ini asipewe nyama, mayai wala maharage."

Hii si dhana ya ndugu wa wagonjwa peke yao. Zamani ilifundishwa hata darasani, kwa hoja kwamba protini huzalisha amonia na amonia humchanganya mgonjwa akili. Siku hizi tunafanya kinyume. Ini lililosinyaa kwa sirosisi, yaani makovu yaliyolienea, haliweki akiba ya sukari ya kutosha, hivyo mgonjwa akilala na njaa usiku mmoja tu, mwili huanza kula misuli. Na misuli ndiyo inayosaidia kuondoa amonia ini likishindwa. Anayenyimwa protini anaongezewa sumu ileile tunayoikimbia.

Kadiria gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, ukitoa uzito wa maji yaliyojaa tumboni na miguuni. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa cha mililita 250 kama 8. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na saa tatu usiku apate uji wa ulezi wenye maziwa. Mtori ukiletwa kutoka nyumbani, pokea, ila uliza kwanza habari ya chumvi.

"Akianza kuharisha, simamisha laktulosi (dawa ya maji ya kulainisha choo)."

Choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku ndilo lengo lenyewe. Dawa hii huufanya utumbo mpana uwe na asidi, amonia ikanaswa humo na kutoka na choo. Kosa tunaloliona sana: zamu ya usiku inaona choo cha tatu, inaacha kutoa dozi bila kuandika, na keshokutwa mgonjwa hamtambui mkewe. Andika idadi na hali ya choo. "Amepata choo" haitoshi. Kikiwa cha majimaji na kuzidi mara 4, mwite daktari arekebishe dozi, kwa sababu upungufu wa maji na potasiamu nao huleta kuchanganyikiwa.

Ili kugundua mapema kuchanganyikiwa huko, kila asubuhi mwambie anyooshe mikono na kuinua viganja kama anayesimamisha daladala, vidole vikiwa vimetanuka. Angalia kwa sekunde 15 hadi 30. Viganja vikidondoka na kurudi kama mbawa, ripoti. Mwambie pia aandike jina lake kwenye karatasi ileile, na tarehe pembeni. Mwandiko huharibika mapema kuliko maneno. Anayelala mchana kutwa na kukesha usiku asipewe diazepamu, dawa ya usingizi, ili atulie. Tafuta kilichomchokoza: kufunga choo, choo cheusi kama lami, homa na maumivu ya tumbo, dawa za usingizi.

"Tumbo limejaa maji, basi asinywe maji."

Kinachoshikilia maji ni sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Maji ya kunywa hupunguzwa kwa agizo la daktari, kwa kawaida sodiamu ya damu ikishuka chini ya milimoli 125 kwa lita. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa. Huku Kilimanjaro kuna mtego wa magadi. Mama ataapa kwamba hakutia chumvi kwenye maharage, na anasema kweli, lakini ameyalainisha kwa magadi, ambayo nayo ni sodiamu. Yaulize kwa jina.

Uzito upimwe asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, kwa mzani uleule. Anayetumia dawa za kukojosha, spironolaktoni na furosemaidi, asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku kama miguu haijavimba. Akizidi hapo figo huumia. Ukipima mzunguko wa tumbo kwa utepe, chora alama za kalamu usawa wa kitovu. Bila alama, zamu mbili zitapima matumbo mawili.

"Ini ni ugonjwa wa walevi."

Wengi wenye homa ya ini B sugu waliambukizwa utotoni. Kichocho cha tumbo huziba mishipa ya damu ndani ya ini, na sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Lakini wanaosema mbege, pombe ya ndizi, ni chakula tu nao wapige hesabu: lita 1 yenye kilevi cha asilimia 4 ina alkoholi gramu 32 hivi, na ini halibagui ndizi na chupa.

"Homa ya ini B huambukizwa kwa sahani na kikombe."

Hapana, usimtengee vyombo. Huenezwa kwa damu, ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hofu hiyo ihamishie kwenye sindano: virusi hukaa hai nje ya mwili hadi siku 7, na asiyechanjwa akijichoma kwa damu yenye virusi, hatari ni kati ya asilimia 6 na 30. Maliza dozi tatu za chanjo (mwanzo, mwezi 1, miezi 6), kisha pima kinga mwezi mmoja hadi miwili baadaye. Iwe 10 mIU/mL au zaidi. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usimwagie jiki. Toa taarifa zamu hiyohiyo, kwa sababu sindano ya kingamwili inafaa zaidi ndani ya saa 24.