Linux si ya wadukuzi: maneno ninayoyasikia mezani kwangu, Ngamiani

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, meza yangu ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, haikauki laptopu. Nyingi ni za mtumba, kioo safi, kibodi nzima, ila Windows 11 inazikataa. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yake, na kwa Intel orodha hiyo karibu yote huanzia kizazi cha nane. Mwenye mashine ya kizazi cha nne huniambia nimpigie Windows 11 ya kuchakachua. Nikimtajia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, maneno yanaanza.

“Hiyo ni ya wadukuzi, kioo cheusi na maandishi.”

Mama mmoja mwenye steshenari alinisikiliza, akanikata: “Mwanangu, mie nataka kuchapa barua za watu. Sina haja ya kuingia benki za watu.” Sikubishana naye. Nikaiwasha laptopu yake kwa Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, iliyomo kwenye flashi yangu, diski yake haikuguswa. Akaiona menyu kona ya kushoto chini, saa kulia, mafolda yake yote mahali pake. Akafungua barua, akachapa. Kile kioo cheusi kipo, kinaitwa terminali, na mpaka leo hajakihitaji. Nikamwonesha na simu yake ya Android: inaendeshwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, ileile ya Linux aliyoianza Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991. “Kumbe nalala nayo!”

“Faili za Word hazifunguki.”

Zinafunguka. Kinachowachanganya watu ni fonti. Calibri na Times New Roman ni mali yenye leseni, kwa kawaida haziji na Linux, na kompyuta ikiweka fonti yoyote badala yake mistari inaruka, saini inahamia ukurasa wa pili, mteja anakuja juu. Dawa yake ni Carlito na Liberation Serif, fonti za bure zilizochongwa kwa vipimo vilevile vya upana, herufi kwa herufi. Hakikisha zimo, na barua nyingi zitatulia.

Nyingi, si zote. Fomu zenye visanduku vya kujaza na majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali huweza kuvurugika ndani ya LibreOffice, programu za ofisi za bure tunazotumia badala ya Word na Excel. Excel yenye makro, zile amri zinazojiendesha ndani ya faili, ndiyo kichwa kigumu kuliko vyote. Ofisi inayoishi kwa makro siishauri ihame. Ninachowaambia wateja ni hiki: niletee faili tano zinazokutesa kuliko zote, tuzifungue hapahapa. Wengi huja na barua ya likizo, faili ambayo hata simu inaifungua!

Na wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya wajue kuwa Linux kwetu si waja leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ya leo imetokana na OpenOffice hiyohiyo.

“Kila kitu kina mbadala.”

Hili ni kosa la sisi wapenzi wa Linux. Photoshop haina toleo la Linux, na programu kadhaa za uhasibu zimeandikwa kwa Windows tu. Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, huziendesha baadhi, nyingine huzigomea, na duka halifungi hesabu kwa kubahatisha. Yule mama ana mashine ya pili anayotengenezea kadi za harusi. Hiyo nilimwachia Windows.

“Haipati virusi.”

Vile virusi vya flashi za wanafunzi, vinavyoficha mafolda na kuacha vijia vya mkato vya uongo, vimeandikwa kwa Windows. Kwenye Linux havifanyi kitu, na mafolda halisi kwa kawaida unayapata. Lakini uchafu unabaki kwenye flashi, na kituo chake kinachofuata ni kompyuta ya mwingine. Linux yenyewe nayo si malaika. Machi 2024 mlango wa siri uligunduliwa ndani ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye matoleo mengi ya Linux. Aliyeugundua, Andres Freund, alishtushwa na kuingia kwenye seva kulikochelewa kama nusu sekunde. Mwajiri wake? Microsoft.

“Printa haitakubali.”

Nyingi mpya za mtandao huchapa bila draiva yoyote, yaani bila programu ya ziada ya kuitambulisha printa. Leza ndogo za zamani ndizo zenye kiburi. Jaribu kwanza ukiwa bado kwenye flashi.

“Ni bure, basi sigharamii kitu.”

Leseni ni bure. Bando si bure, na Mint ni karibu GB 3, ndiyo maana natembea nayo kwenye flashi. RAM ya GB 2 na diski ya kuzunguka hazitageuka mpya kwa sababu ya Linux: kivinjari chenye vichupo kumi kitaimaliza mashine vilevile. Mara nyingi pesa ya mteja inafanya kazi zaidi kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

Ukitaka Windows na Linux zikae pamoja, nakili mafaili yako nje kwanza. Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kufungia diski. Ikiwa imefungwa, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye daftari kabla fundi hajagusa chochote, mimi nikiwemo.