Bomba la nje halipasuki lazima pale lilipoganda

Wengi wanaamini kuwa kwenye baridi kali bomba hupasuka pale pale maji yalipoganda, hivyo wanaviringisha matambara kwenye koki ya nje na kuona kazi imekwisha. Imani hiyo haikutoka hewani: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Ila mara nyingi barafu hutanuka kufuata urefu wa bomba. Inaziba njia, na maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa yanakosa pa kwenda. Shinikizo linapanda hadi bomba linapasuka, pengine ndani ya ukuta, mahali pasipo na barafu hata chembe. Utajua barafu ikishayeyuka, ukuta ukianza kulowa.

Matambara huchelewesha baridi tu; dawa ni kuyatoa maji. Chomoa kwanza mpira wa bustani (huu ndio unaosahaulika, nao hunasa maji hata kwenye koki zilizoundwa kuhimili baridi). Funga valvu ya ndani, kisha fungua koki ya nje na uiache wazi. Kama valvu ina kifuniko kidogo ubavuni, kilegeze, ukinge ndoo.