Kwa nini mzimu wa Kijapani huwa mwanamke wa nywele ndefu na nguo nyeupe?

Mzimu wa filamu za kutisha za Japani unaujua hata kabla haujatokea. Ni mwanamke, nywele nyeusi zimemfunika uso, nguo yake ni nyeupe, mikono imelegea mbele ya kifua, na aghalabu miguu haionekani. Sura hiyo ina umri mkubwa kuliko sinema. Ilitoka mazikoni, ikapitia kwa wachoraji, na jukwaa la kabuki, mchezo wa kuigiza wa jadi wa Kijapani, ndilo lililoifanya ikae vichwani mwa watu.

Nguo nyeupe ni sanda. Maiti wa Kibudha nchini Japani huvishwa kimono cheupe, na upande wa kulia hulazwa juu ya upande wa kushoto. Walio hai hufanya kinyume, ndiyo maana mgeni akikosea kufunga kimono, wenyeji huwahi kumrekebisha: amevaa kama maiti. Nywele nazo zina habari yake. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mwanamke wa heshima alifunga nywele zake kwa ustadi. Zikiachwa zianguke, basi ni mgonjwa, amerukwa na akili, au amekufa. Na miguu? Mara nyingi hutajwa mchoraji Maruyama Ōkyo (1733–1795), aliyechora mizimu inayofifia kuanzia kiunoni kwenda chini. Waigizaji walifikia athari hiyohiyo kwa vazi linalobana kadiri linavyoshuka.

Lakini sanda na nywele peke yake hazimtishi mtu. Kinachotisha ni sababu ya mzimu kurudi, na hapo ndipo anapoingia Oiwa, mhusika wa tamthilia ya Yotsuya Kaidan ya Tsuruya Nanboku IV, iliyochezwa mara ya kwanza Edo mwaka 1825.

Oiwa ameolewa na Iemon, samurai asiye na bwana wala kipato. Baba yake Oiwa alikuwa amemchukua binti yake kutoka kwa Iemon, naye Iemon akamuua mzee huyo kwa siri, kisha akamwahidi Oiwa kwamba atamtafuta muuaji na kulipiza kisasi. Kwa ahadi hiyo Oiwa akarudi kwake na kumzalia mtoto. Jirani yao tajiri, Itō Kihei, ana mjukuu aitwaye Oume aliyempenda Iemon. Familia hiyo inamletea Oiwa, ambaye bado ni mzazi dhaifu, dawa ya kumpa nguvu. Anaipokea kwa shukrani na kuinywa yote. Ni sumu ya kuharibu uso, ili mumewe amchoke. Na mume anamchoka kweli: anakubali kumwoa Oume.

Hapa ndipo penye tukio ambalo watazamaji wengi hulikumbuka kuliko mengine yote.  Yupo mkandaji mmoja anayemwonyesha Oiwa kioo. Oiwa hapigi kelele. Anaamua kwenda kwa majirani kuwashukuru, kwa hiyo anajiremba kama mke mwenye adabu: anayapaka meno rangi nyeusi, desturi ya wanawake walioolewa wakati ule, kisha anachana nywele kwa kitana alichoachiwa na mama yake. Nywele zinatoka kwa mafungu. Jukwaani, msaidizi aliyejificha chini ya sakafu husukuma nywele nyingine kupitia tundu, hivyo rundo lililo mbele ya mwigizaji linazidi kukua. Tukio huchezwa polepole mno, na upole huo ndio ujanja wenyewe. Likiharakishwa, mtazamaji anaona mwanamke aliyeharibika sura tu. Likienda taratibu, anaona mtu akijitahidi kubaki mke wa mtu.

Oiwa anakufa kwa upanga katika purukushani humo ndani. Iemon anamuua pia mtumishi wake Kohei, anasingizia kwamba wawili hao walikuwa wapenzi, kisha maiti zao zinapigiliwa misumari pande mbili za mlango mmoja na kutupwa mtoni.

Sasa angalia jinsi kisasi kinavyofanya kazi. Oiwa hamgusi Iemon. Usiku wa harusi Iemon anamtazama bibi harusi na kuuona uso wa Oiwa, anakata kichwa. Kilichoanguka ni cha Oume. Anamkimbilia Kihei, anamwona Kohei, anakata tena; ni Kihei. Mzimu unamwachia muuaji upanga wake na kumharibia macho tu. Waandishi wengi wa riwaya za kutisha hukosea papa hapa: wanaupa mzimu nguvu za kunyonga kila mtu, na msomaji anaacha kuogopa kwa sababu mkosaji amegeuka mhanga.

Mitambo ya jukwaani nayo ilisaidia. Katika tukio la mlango ulioibuka majini, mwigizaji mmoja hucheza maiti zote mbili. Mavazi yamefungwa kwenye ubao wenye tundu la kichwa. Anatoa uso kama Oiwa, ubao unapogeuzwa anautoa upande wa pili kama Kohei. Mwaka 1831 ukaongezwa ujanja wa taa: taa ya karatasi, kubwa kidogo kuliko ya kawaida, inaungua mbele ya watazamaji na Oiwa anachomoza kupitia palipoungua. Kabla ya yote hayo husikika ngoma kubwa ikipigwa chinichini, doro-doro, na watazamaji Wajapani hujua nini kinafuata.

Mchezo huu ni wa majira ya joto. Ndiyo miezi ya Obon, wakati roho za wafu zinapoaminika kurudi nyumbani, na ndipo waigizaji wakubwa walipokuwa wakipumzika kwa sababu ya joto la kumbi. Kumbi zilihitaji kitu cha kuwasisimua watu mwili.

Oiwa ana kaburi Sugamo na hekalu Yotsuya, zote Tokyo, na waigizaji huenda kumwomba radhi kabla ya kumcheza. Kwa masimulizi ya hekalu hilo, Oiwa wa kweli alikuwa mke mchapakazi aliyeishi kwa mapenzi na mumewe. Ukatili wote ni wa mwandishi wa tamthilia.

Sinema ilirithi hayo na kuongeza yake. Katika filamu ya Ringu ya mwaka 1998, mzimu unatembea kwa mikatiko isiyo ya binadamu. Mwigizaji alirekodiwa akirudi kinyumenyume, kisha picha zikachezeshwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo.