Je, wajua? Nywele zinafikaje ndani ya uvimbe wa chini ya ulimi

Hivi ushawahi kusikia mtu kafanyiwa upasuaji wa uvimbe chini ya ulimi, kile kifuko kinapasuliwa ndani zinakutwa nywele? Inatokea kweli, na ndo stori inayowafanya ndugu waanze kunong'ona kwamba kijana karogwa. Hajarogwa mtu. Zile nywele ni zake mwenyewe, na ile ngozi iliyoziotesha alikuwa nayo kabla hajazaliwa.

Turudi tumboni kwa mama, kwenye wiki ya tatu na ya nne hivi ya mimba. Mtoto hapo ni mdogo kuliko punje ya mchele, ila taya la chini na ulimi vinaanza kujengwa tayari, na havijengwi kwa kipande kimoja. Vinatoka upande wa kulia na wa kushoto, vinasogeleana mpaka vinaungana katikati. Sasa wakati wa kuungana kuna vichembe vya ile tabaka ya nje, yaani ile itakayokuja kuwa ngozi, vinaweza kunaswa ndani ya kiungo, kama mshono unavyobana uzi usiotakiwa. Vichembe hivyo havifi na wala havisahau kazi yake, vinatengeneza ngozi hukohuko gizani. Ndio maana sisti nyingi za hivi, yaani hivyo vifuko, zinakaa katikati kabisa, pale pande mbili zilipokutana.

Ngozi ya nje kila siku inapukutisha magamba yake na mafuta yake, ukioga yanaondoka. Hii ya ndani ya kifuko itayapukutishia wapi? Yanajikusanya humohumo miaka na miaka, taratibu, bila maumivu, kifuko kinajaa kitu cheupe kizito kama maziwa mgando. Kwa hiyo mtu anazaliwa nayo ila wengi wanaigundua kati ya miaka 15 na 35.

Kifuko chenye ngozi tupu na magamba yake kinaitwa epidemoidi. Kikiwa na vinyweleo, tezi za mafuta au za jasho ni demoidi, na hapo ndo nywele zinapotokea. Kuna aina ya tatu, teratoidi, hiyo inaweza kuwa na hata msuli au mfupa, ila ni adimu sana. Na hata hizi nyingine mdomoni sio za kila siku, maana mwaka 1937 madaktari New na Erich wa hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani walichapisha hesabu ya sisti 1,495 za demoidi za mwili mzima, za kichwani na shingoni zilikuwa 103 tu, na kati ya hizo za chini ya ulimi 24.

Dalili zinategemea kifuko kimekaa wapi. Chini ya ulimi kuna msuli umetanda kutoka taya upande huu mpaka upande ule kama kitambaa cha machela. Kikikaa juu ya huo msuli ulimi unanyanyuliwa, mtu anaanza kuongea kama ana kitu mdomoni, kumeza shida, kikikua zaidi hata pumzi usiku inabana. Kikikaa chini yake anaonekana ana kidevu cha pili, watu wanasema kanenepa. Ukikibonyeza kinabonyea kama unga wa chapati uliokandwa.

Usichanganye na ranula, ile inatokana na tezi ya mate, ina majimaji na mara nyingi inaonekana kama ya bluu, jina lenyewe ni la Kilatini, maana yake kachura. Daktari akipiga ultrasaundi au MRI (ile picha ya mashine ya sumaku), wakati mwingine demoidi inaonyesha vibonge vya mafuta vimejipanga kama gololi kwenye mfuko, na akiiona hiyo picha hapati shida kujua ni nini.

Ninachoomba kwa moyo wote, usimruhusu mtu akutoboe kwa sindano au wembe nyumbani. Uchafu wa ndani ni mzito, hautoki wote, ukuta wa kifuko unabaki unaendelea kutengeneza, afu bakteria wakiingia uvimbe unaweza kujaa ghafla ukabana njia ya hewa. Nenda kwa daktari wa meno, yeye atakupeleka kwa wale wa upasuaji wa kinywa na taya.

Dawa ya kumeza haiiondoi, inatolewa kwa upasuaji, na inatakiwa itoke nzima na ukuta wake. Iliyo juu ya msuli kwa kawaida inatolewa kwa kupitia mdomoni, hakuna kovu la nje, iliyo chini au kubwa sana wanapasua chini ya kidevu. Mtaalamu wa dawa ya usingizi naye anajipanga mapema, maana ulimi ukiwa umenyanyuka kupitisha mpira wa kupumulia mdomoni ni kazi, mara nyingi wanaupitishia puani. Ikitoka yote kurudi ni nadra, na kugeuka saratani ni nadra sana.